Mbio za Ovali za Kimarekani Barani Ulaya: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Wapenzi wengi wa mbio za magari Afrika Mashariki tumelelewa na Safari Rally: vumbi, matope, magari yanayoondoka moja moja kushindana na saa. NASCAR, mbio za Kimarekani za magari ya stoku, tunaikuta ukubwani, kwenye simu, na EuroNASCAR, tawi lake la Ulaya, tunaikuta kwa bahati. Maswali yaliyo hapa ndiyo yanayorudi kila mara mtu mpya anapoanza kuifuatilia. Yamepangwa kuanzia ya msingi hadi yale ya wanaotaka kuchimba zaidi.

## Misingi

"Magari ya stoku" ni magari gani?

Asili yake ni magari ya kawaida ya dukani ya Marekani, yaliyopelekwa kwenye mashindano bila kubadilishwa sana. Hivyo ndivyo ilivyokuwa Bill France alipounda NASCAR mwaka 1948 kule Daytona Beach, Florida. Leo kilichobaki cha dukani ni sura tu. Ndani kuna fremu ya mabomba ya chuma, kiti kimoja, injini ya V8 (ya mitungi minane) mbele, na magurudumu ya nyuma ndiyo yanayosukuma. Gari ni zito na lina nguvu nyingi kuliko tairi zake zinavyoweza kuzishika. Hapo ndipo utamu wote ulipo.

Ovali ni nini, na kwa nini wanakata kushoto tu?

Ni uwanja wa mbio wenye umbo la yai: sehemu mbili zilizonyooka na kona mbili kubwa, ambazo mara nyingi zimeinuliwa upande wa nje. Marekani huzunguka kinyume cha saa, hivyo kila kona ni ya kushoto. Viwanja hivi vinatofautiana mno. Martinsville ni mita 846 tu na kona zake zimeinama digrii 12. Daytona ni kilomita 4, na kona zake zimeinama digrii 31. Ukisimama chini yake unaona ukuta wa lami.

Faida kubwa ni ya mtazamaji. Ukikaa jukwaani unaona mbio nzima, kuanzia bendera ya kijani hadi ya mwisho. Kwenye viwanja vya kawaida vya Ulaya unaona kona moja, kisha unasubiri magari yarudi.

Kuzunguka tu kushoto, ugumu uko wapi?

Hili ndilo swali linaloulizwa kuliko yote, na linastahili jibu refu.

Kwanza, gari la ovali linaundwa kombokombo makusudi. Tairi za kulia huwa na mzingo mkubwa kuliko za kushoto, hivyo gari linajivuta kushoto lenyewe. Uzito nao hugawanywa kwa mshazari kati ya tairi nne. Wakati wa kusimama piti, pembeni mwa njia ambako mafundi hulihudumia gari, fundi anaingiza spana ndefu kwenye tundu la kioo cha nyuma, anazungusha kidogo, na tabia ya gari inabadilika papo hapo. Mzunguko wa nusu tu wa spana unaweza kumpandisha dereva kutoka nafasi ya 20 hadi ya 5, au kumtupa nyuma kabisa.

Pili, gari halibaki lilivyokuwa. Mafuta yanapungua, tairi zinachoka, jua linapasha lami joto au wingu linaipoza. Gari lililoanza vizuri linaanza kugoma kukata kona, pua inateleza kuelekea ukutani. Au linatupa mkia. Dereva anatakiwa kuhama mstari, mara chini karibu na nyasi, mara juu kwenye ukuta, akitafuta sehemu ambayo bado ina mshiko, huku magari mengine yakiwa sentimita chache kushoto na kulia kwake.

Tatu, kuna upepo. Gari la mbele linapasua hewa, la nyuma linavutwa kwenye uwazi huo na kwenda kasi zaidi. Kwenye viwanja vikubwa hakuna anayeshinda peke yake: unahitaji mtu wa kukusukuma, na mtu huyohuyo ndiye atakayekupita mwishoni. Ndiyo maana kila dereva ana mwangalizi aliyesimama juu ya jukwaa, anayemwambia kwa redio nani yuko wapi. Bila sauti hiyo dereva ni kama kipofu.

## Ulaya kabla ya NASCAR

Ni kweli Ulaya haikuwahi kuwa na ovali?

Si kweli, na inauma kuona jinsi historia hii ilivyosahaulika. Brooklands, nje ya London, ilifunguliwa mwaka 1907, miaka miwili kabla ya Indianapolis, ovali maarufu ya Marekani. Sitges-Terramar ya Hispania ilifuata mwaka 1923, Montlhéry karibu na Paris mwaka 1924. Monza ilikuwa na kona za mwinamo tangu 1922, na mwaka 1955 zikajengwa upya kwa zege, kali kuliko za mwanzo.

Mwaka 1957 na 1958 Monza iliwaalika madereva wa Indianapolis kushindana na wale wa Ulaya kwenye ovali hiyo. Wamarekani walishinda mara zote mbili, Jimmy Bryan kwanza, kisha Jim Rathmann. Timu nyingi za Ulaya hazikutaka hata kuhudhuria: zege lilikuwa na mabonde na kasi ilikuwa ya kutisha. Formula 1 iliendelea kutumia sehemu hiyo hadi 1961. Mabaki yake bado yapo Monza, msituni.

Kwa hiyo Ulaya haikukosa wazo. Ilikuwa nalo, ikaliacha, na vizazi vilivyofuata vikakua vikiamini kwamba mbio za kweli ni zile zenye kona za kushoto na kulia.

Uingereza kuna mbio za stock car tangu zamani. Si ndizo hizohizo?

Jina ni lilelile, mchezo ni mwingine. Zilianza Uingereza kwenye uwanja wa New Cross, London, siku ya Ijumaa Kuu mwaka 1954, na mwanzoni yalikuwa magari ya kawaida yakigongana. Zikakua hadi zikawa BriSCA Formula 1 ya leo: mashine zilizo wazi, zenye V8 na bampa nzito za chuma, zikikimbia kwenye viwanja vidogo vya udongo au lami. Kumsukuma mwenzako kwa bampa kunaruhusiwa. Ni sehemu ya mchezo. Uholanzi pia ina mashabiki wengi wa aina hii.

Nazitaja kwa heshima, kwa sababu zinathibitisha jambo ambalo watu wa mipango mikubwa hulipuuza: Ulaya ina watazamaji waaminifu wa ovali, wanaokuja na watoto wao kila wiki, mvua au jua. Wako kwenye viwanja vidogo.

Magari ya NASCAR yalifika Ulaya lini kwa mara ya kwanza?

Tukio maarufu zaidi la zamani ni Saa 24 za Le Mans za mwaka 1976, Marekani ilipokuwa ikitimiza miaka 200. Waandaaji walialika magari mawili: Dodge Charger ya Hershel McGriff na Ford Torino ya timu ya Junie Donlavey. Hakuna lililomaliza. Injini ya Dodge haikuelewana na petroli iliyokuwepo na ikafa mapema. Ford ilijikongoja hadi usiku. Wafaransa waliyapenda hata hivyo, kwa ukubwa wake na kwa mngurumo wake. Kwa marudio ya miaka ya karibuni, tazama swali la Le Mans 2023 hapa chini.

## Rockingham na Lausitz: ndoto kubwa

Ni viwanja gani hivyo viwili vinavyotajwa kila mara?

Lausitzring, wakati huo EuroSpeedway Lausitz, ulifunguliwa mwaka 2000 mashariki mwa Ujerumani, kwenye eneo lililokuwa la machimbo ya makaa. Ovali yake ni ya pembe tatu, kama kilomita 3.2. Rockingham, karibu na Corby nchini Uingereza, ulifunguliwa mwaka 2001, kama kilomita 2.4. Huu ulikuwa uwanja wa kwanza wa aina yake kujengwa Uingereza tangu Brooklands. Wawekezaji waliamini Ulaya iko tayari kwa ovali za ukubwa wa Kimarekani.

Nini kilitokea Septemba 2001?

Mashindano ya CART ya Marekani (magari ya magurudumu wazi, si ya stoku) yalipangwa kukimbia kwenye viwanja vyote viwili, wiki mbili mfululizo. Timu zilikuwa tayari Ujerumani mashambulizi ya Septemba 11 yalipotokea. Mbio za Lausitz zilifanyika Septemba 15, zikapewa jina la kuwakumbuka waliokufa. Zikiwa zimebaki takriban mizunguko 13, Alex Zanardi, aliyekuwa akiongoza, alitoka piti, gari likateleza likarudi kwenye njia, likagongwa ubavuni na gari la Alex Tagliani lililokuwa kwenye kasi kamili. Zanardi alipoteza miguu yote miwili. Kenny Bräck alishinda mbio ambazo hakuna aliyekuwa na moyo wa kuzishangilia.

Wiki iliyofuata, Rockingham, maji yalikuwa yakichuruzika kutoka chini kupitia viungo vya lami. Siku mbili za mazoezi zilipotea huku mafundi wakihangaika kuikausha. Mbio zenyewe zilifupishwa, lakini zilikuwa tamu: Bräck alimpita Gil de Ferran karibu na mwisho, na de Ferran akalipa kisasi kwenye mzunguko wa mwisho. Waliokuwepo bado wanazisimulia.

Mwaka 2003 Zanardi alirudi Lausitz na gari lenye vifaa vya mkono na kumalizia ile mizunguko 13. Baadaye alishinda medali za dhahabu za baiskeli za mkono kwenye Paralimpiki za London 2012 na Rio 2016.

ASCAR ilikuwa nini?

Ilikuwa ligi ya Kiingereza ya magari ya stoku, iliyoanza mwaka 2001 na kuifanya Rockingham makao yake. Magari yalikuwa ya fremu ya mabomba, V8, yenye maumbo ya Kimarekani, yakikimbia kwenye ovali halisi. Ben Collins alikuwa bingwa mwaka 2003. Lausitz nayo ilitembelewa. Baadaye ligi ilibadilishwa jina zaidi ya mara moja, idadi ya magari ikapungua, na kabla ya muongo kwisha ilikuwa imezimika.

Kwa nini ndoto hiyo ilishindwa?

Watu hupenda jibu moja: Wazungu wa Ulaya hawapendi ovali. Jibu hilo ni la uvivu, na swali la BriSCA hapo juu linaonyesha kwa nini.

Sababu ya kwanza ni ukubwa. Uwanja wa kilomita 2.4 unahitaji magari 30 au zaidi ili usionekane mtupu. ASCAR haikuwa na magari ya kutosha. Magari kumi na tano kwenye uwanja mkubwa hupotezana, na jukwaa kubwa lenye watu wachache linaua shangwe hata mbio zikiwa nzuri.

Ya pili ni ngazi. Mmarekani anaanza utotoni kwenye uwanja mdogo wa mjini kwao, anapanda hadi gari la leti modeli (gari la stoku la viwanja vidogo), kisha ligi za mkoa, ndipo Daytona. Mafundi wanapanda naye, na watazamaji vilevile. Ulaya ilijenga paa kabla ya kuta: dereva aliyezoea kona za kulia na kushoto aliingizwa moja kwa moja kwenye ovali ya kasi, na fundi wake hakuwahi kupanga gari kombokombo maishani mwake.

Ya tatu ni hali ya hewa, na ya nne ni kelele pamoja na ardhi, maana ni vigumu kupata kibali cha V8 thelathini karibu na makazi ya watu. Halafu kuna pesa: uwanja wa ovali ukikosa ligi yake, ovali hiyo haina kazi nyingine. Rockingham iliacha mashindano mwaka 2018 na eneo likageuzwa kuwa la kuhifadhi magari. Lausitz ilinunuliwa mwaka 2017 na DEKRA, kampuni ya ukaguzi, kwa ajili ya majaribio, ingawa mashindano kwenye njia yake ya kawaida yameendelea.

## EuroNASCAR

Ilianzaje?

Mfaransa Jérôme Galpin na kampuni ya familia yake walianzisha Racecar Euro Series, na msimu wa kwanza ukawa 2009. Mwaka 2012 NASCAR yenyewe iliitambua rasmi. Mwaka 2013 jina la mdhamini Whelen liliongezwa. Mashabiki wengi huiita EuroNASCAR tu.

Gari lake linatofautianaje na la ligi kuu ya Marekani?

Ni rahisi zaidi, na hiyo ni sifa. Fremu ya mabomba, V8 ya lita 5.7 yenye takriban nguvu za farasi 400, gia nne za mkono, hakuna vifaa vya elektroniki vya kumsaidia dereva. Gari la ligi kuu la kizazi kilichoanza 2022 lina nguvu zaidi, gia za mfululizo, na gurudumu linalofungwa kwa nati moja. La Ulaya linafanana zaidi na NASCAR ya zamani.

Kwa nini gari moja lina madereva wawili?

Wikendi moja ina ligi mbili: moja ya wazoefu, nyingine ya vijana na wasio wa kulipwa. Gari ni lilelile, kila mmoja anaendesha mbio zake, na gharama zinagawanywa. Ni mpango wa busara. Kijana anarithi gari lililopangwa na mzoefu na kusoma takwimu zake usiku uleule.

Mbona ratiba yake karibu yote si ovali?

Kwa sababu ovali zinazofaa hazipo. Magari hukimbia Brands Hatch, Valencia, Vallelunga, Most, Oschersleben, Zolder na kwingineko, viwanja vizuri lakini vya kona za pande zote. Brands Hatch, kwenye njia yake fupi, ndiyo inayokaribia zaidi hisia ya ovali: mtazamaji anaona karibu kila kitu.

Ovali zenyewe zimekuwa mbili. Mwaka 2012 huko Tours, Ufaransa, waandaaji waligeuza uwanja wa maonyesho kuwa ovali ya muda ya takriban mita 600. Kisha, kuanzia 2015, ligi ikaenda Raceway Venray, Uholanzi, ovali ya kudumu ya nusu maili (kama mita 800) ambayo tayari ilikuwa na watazamaji wake wa stock car. Misimu mingi imekuwa na ovali moja tu au haina kabisa, na hapo ndipo ninapokuwa na neno na waandaaji. Bingwa wa magari ya stoku asiyejaribiwa kwenye ovali ana ubingwa wenye pengo. Madereva wa Ulaya wakifika Marekani, pengo hilo linaonekana kwenye mizunguko ya kwanza.

Kuna waliotoka huko wakafika Marekani?

Wapo. Alon Day wa Israel, bingwa mara nne (2017, 2018, 2020 na 2022), alikimbia ligi kuu Sonoma mwaka 2017. Loris Hezemans wa Uholanzi na Anthony Kumpen wa Ubelgiji, wote mabingwa, nao wamejaribu ligi za Marekani. Wengine wamesafiri kinyume: Bobby Labonte, bingwa wa ligi kuu wa mwaka 2000, na Jacques Villeneuve, bingwa wa Formula 1 wa mwaka 1997, wamekimbia EuroNASCAR.

Na Le Mans 2023?

NASCAR ilirudi Le Mans na Camaro iliyoandaliwa na Hendrick Motorsports, ikiendeshwa na Jimmie Johnson, Mike Rockenfeller na Jenson Button. Haikuwa ikishindania nafasi. Kwenye kufuzu ilikuwa na kasi kuliko magari ya GT, yaani magari ya michezo yanayotokana na ya dukani, na ilimaliza saa 24, nafasi ya 39. Umati uliisikia kabla ya kuiona na ukaipenda. Kama mtu anadai Ulaya haina masikio ya V8, mwonyeshe wikendi ile.

## Maswali ya wanaofuatilia kwa karibu

Mvua ikinyesha wanafanyaje?

Kwenye viwanja vya kawaida hubadilisha tairi na kuendelea. Kwenye ovali, kwa miaka mingi, mvua ilimaanisha kusubiri: tairi za mashindano hazina mistari kabisa, ni kipara, na kona iliyoinama ikilowa inakutupa ukutani. Siku hizi NASCAR ina tairi za unyevu kwa ovali fupi, na Machi 2024 mbio za ligi kuu huko Richmond zilianza nazo. Kwa Ulaya hii ni habari kubwa. Hata hivyo ni za lami yenye unyevu, si mvua ya kumwagika, na hazitumiki kwenye viwanja vikubwa vya kasi.

Ukuta uko karibu hivyo. Si hatari?

Ni hatari, na mchezo umelipa kwa uhai wa watu. Baada ya kifo cha dereva nyota Dale Earnhardt huko Daytona, Februari 2001, kifaa cha kushika kichwa na shingo kililazimishwa mwaka huohuo. Kuanzia Indianapolis mwaka 2002 zilianza kuwekwa kuta za SAFER, za chuma na povu, zilizobuniwa Chuo Kikuu cha Nebraska, zinazomeza nguvu ya mgongano. Ujenzi wowote mpya Ulaya lazima uhesabu gharama ya kuta hizo tangu mwanzo.

Mbio huonyeshwa saa ngapi kwa saa za Afrika Mashariki?

Majira ya joto, Ulaya ya kati iko nyuma yetu kwa saa moja na Uingereza kwa saa mbili. Mbio za saa nane mchana Brands Hatch kwetu ni saa kumi jioni. Za Vallelunga saa hiyohiyo ni saa tisa alasiri. Kuanzia mwisho wa Oktoba hadi mwisho wa Machi ongeza saa moja. Za Marekani pwani ya mashariki zinazoanza saa tisa alasiri kwao, majira ya joto, kwetu ni saa nne usiku.

Ukipewa pesa, ungejenga uwanja gani?

Nusu maili, au chini yake, wenye kona zilizoinama vya kutosha magari mawili yaende sambamba. Si zaidi. Ningeujenga mahali ambapo tayari kuna mbio za kila wiki za stock car, ili uwe na kazi hata wiki ambazo NASCAR haipo. Magari 20 kwenye nusu maili yanagusana kila kona, na watu 8,000 kwenye jukwaa dogo wanatoa kelele kuliko 20,000 waliotawanyika. Venray ina karibu kila kitu hicho. Inahitaji dada wawili au watatu: mmoja Uingereza, mmoja Ufaransa au Ujerumani, mmoja kusini ambako mvua ni chache.

Haiwezekani kuweka ovali ndani ya uwanja wa mpira?

Inawezekana. NASCAR ilifanya hivyo Los Angeles, ndani ya Memorial Coliseum, kuanzia 2022 hadi 2024: lami ya muda, robo maili, mbio fupi zisizo na pointi. Tours nayo ilionyesha kwamba ovali ya muda hukubalika Ulaya. Viwanja vingi vya mpira vya Ulaya, hata hivyo, ni vyembamba. Vinavyofaa ni vile vya zamani vyenye njia ya riadha kuzunguka nyasi, na hata hapo lazima nyasi na njia hiyo vifunikwe, lami imwagwe juu yake, kisha yote ing'olewe. Kwa tukio moja la kufungua msimu katikati ya jiji, gharama hiyo naweza kuielewa. Kwa ligi ya kudumu, hapana: fedha hizo zingetosha kuanza kazi kwenye ile nusu maili ya jibu lililotangulia.